Nyuzi Saba Nukta Moja, Kila Jumatano

Nakuru, Section 58
Jumapili, 5 Februari 2023

Anko Mbugua,

Mama anakusalimia. Goti bado. Daktari alimwambia apunguze ngazi, na sisi tunaishi ghorofa ya nne, kwa hivyo ameamua kumpunguza daktari. Kanisani anaenda, sokoni anaenda, hospitali ndiyo haendi. Mimi niko mzima, nakula, usiulize hayo mengine.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Wewe simu unaiweka loudspeaker, unaisimamisha juu ya ndoo, halafu unaendelea na kazi. Mara ya mwisho nilikuambia habari za yule daktari wa meno, na kabla ya wiki kuisha watu watatu wa Kabazi walikuwa wameniuliza tuliachana kwa nini. Aki Anko. Basi Weldon atakuletea hii na lori la maziwa, kama zamani nikiwa boarding.

Ile mashine tuliwawekea hapo kwa cooler, kwenye tangi lenu la kupoza maziwa, mwezi uliopita, ya screen inayoonyesha joto la maziwa, inaendeleaje? Mwenyekiti wenu Karanja alitutumia picha yake amesimama kando yake kama aliyeoa.

Sasa sikia shida yangu. Kazini tunaunda maktaba. Si ya vitabu. Ni kipande cha programu ambacho watu wengine wanakiweka ndani ya programu zao, ili kila mtu asianze kazi kutoka sufuri. Yetu inasoma joto la tangi, inaliandika, na likipanda inapiga kelele. Tarehe 16 Mei tunaionyesha kwa wenyeviti wa vyama arobaini vya maziwa, na mimi ndiye nitasimama mbele. Wakiikubali, kazi yote nitaiongoza mimi. Karibu miaka miwili nimengoja hiyo siku.

Lakini kuna jambo halijaamuliwa. Njia ya kwanza: programu haijichagulii kipima joto. Inapowashwa, mtu wa nje anaipa, shika hiki, soma nacho. Leo hiki, kesho kile, yenyewe haijali. Wenyewe wanaita dependency injection, sisi hapa tunasema tu kupewa. Njia ya pili: kipima joto kinafungiwa ndani siku ile programu inajengwa. Ukitaka kingine, jenga programu upya. Hiyo tunaiita kufungiwa. Mimi nataka kupewa. Owino, tunayekaa naye meza moja, anataka kufungiwa, na amesema hivyo kila siku tangu Novemba.

Uzuri wa kupewa ni majaribio. Ndiyo maana daftari lako la bluu bado liko kwangu, pole. Nilichukua wiki moja ya Septemba 2021, nikaingiza namba zako zote, kila baada ya masaa mawili, Jumatatu mpaka Jumapili. Nikitaka kujaribu programu, naipa daftari lako badala ya kipima joto cha kweli. Inazisoma namba zako, ikifika Jumapili inaanza tena Jumatatu. Haijui tofauti.

Wewe umekaa na kipima joto miaka kumi na tisa. Ungechagua gani?

Msalimie mkeo, tata Wangeci, na kwaya yake.

Ni mimi,
Kui


Kabazi
Jumatatu, 13 Februari 2023

Maitu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Weldon, ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu yake. Sisi tuko. Mvua hakuna. Shangazi yako Wangeci amepewa sauti ya pili kwenye kwaya na anaifanyia mazoezi jikoni, kwa hivyo mimi nafika kazini mapema siku hizi. Mwambie dada yangu goti halisikii ubishi. Naendelea kukuita Maitu, yaani mama yangu, hata kama wenzako mjini wanacheka. Una jina la mama yangu na sikulichagua mimi.

Umeniuliza swali, nami nimelifikiria siku nne.

Kipima joto cha kwanza nilichokikuta hapa mwaka 2004 kilikuwa kimechomelewa kwenye tangi. Kilijua tangi hili tu. Kilipoharibika, ilibidi tumwage tangi lote na fundi atoke Nakuru na gesi yake, na hiyo ni hasara ya kufungiwa, usiniambie sijaiona. Lakini kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kujiuliza kinasoma tangi gani.

Kuhusu hiyo njia yako ya kupewa nina swali moja. Huyo anayeipa programu kipima joto asubuhi ni nani? Na siku akisahau?

Screen iko sawa. Ni safi. Leo saa nne ilisoma 4.0. Jana saa nne ilisoma 3.9. Kamati imeniambia niache kuandika daftari kwa kuwa mashine inajiandikia, na kuandika mara mbili ni kuonyesha mashine dharau. Nimeacha. Bado naweka mgongo wa mkono kwenye tangi kila nikipita. Hilo hawajalikataza.

Daftari la bluu nalihitaji ukimaliza. Si kwa haraka.

Mjomba wako,
Mbugua


Nakuru
Jumapili, 5 Machi 2023

Anko,

Mama anasema goti lake linasikia ubishi vizuri sana na ndilo la kwanza kujibu. Tata Wangeci apewe sauti ya pili? Mwambie hongera, na wewe pole.

Swali lako nililipeleka ofisini na nikajuta. Nilisoma kwa sauti, "Na siku akisahau?" Owino akaweka kikombe chini akasema, "Huyo ni nani? Aajiriwe." Sasa kila nikifungua mdomo ananiuliza mjomba amesema nini.

Jibu ni hili. Kuna faili dogo la mipangilio kwenye kompyuta ya kila cooler. Humo kuna mstari unaosema ni kipima joto gani. Aliyeweka mashine ndiye anaandika huo mstari mara moja, basi. Na akisahau nimejipanga, mimi si mjinga. Nimeweka akiba. Programu isipopewa chochote, inajichukulia kile cha majaribio, yaani daftari lako, ili screen isikae tupu. Kwani unajua screen tupu mbele ya wenyeviti arobaini ni nini? Ni matanga.

Owino anasema hiyo akiba ni uchawi. Anasema programu iliyokosa kipima joto inafaa ikatae hata kuzaliwa. Nikamwambia basi si ungependa kila kitu kiwe kama majina yetu sisi Wakikuyu, mtoto hajatungwa mimba na tayari jina linamngoja. Akasema ndiyo, hasa hivyo, na kwani wewe jina lako limewahi kukukosea? Mimi nimefungiwa jina la Cucu, nyanya yangu, tangu kabla sijazaliwa, na hakuna mtu aliniuliza kama nataka kuitwa Maitu na mzee wa miaka hamsini na nane. Lakini sijasema nimekasirika.

Mashine yenu naiona kutoka hapa kwa laptop. Mstari mzuri, 4.0, 3.9, 4.1. Nyinyi ndio nitawaonyesha kama mfano tarehe 16. Kabazi itaonekana na vyama arobaini, Anko! Jivunie kidogo.

Pasaka nakuja. Mwambie tata asichinje kuku, mbuzi inatosha.

Kui


Kabazi
Jumatatu, 27 Machi 2023

Maitu,

Natumaini hii itafika. Nimeituma kwa posta ya Subukia, stempu nimeilamba mwenyewe.

Mvua imeanza. Viazi nimevipalilia mara tatu, na shangazi yako anasema kama nitavipalilia mara ya nne vitaona aibu na kurudi chini. Nimetengeneza pia mlango wa choo, dirisha la stoo, na kiti ambacho hakikuwa kimevunjika. Kwaya inaendelea.

Nina maswali mawili ya kawaida.

La kwanza. Ile wiki ya Septemba uliyoitoa kwenye daftari langu, ni wiki ya tarehe ngapi mpaka ngapi?

La pili. Jumatano, saa nane mchana, mashine yako huwa inafanya nini?

Hakuna haraka. Pasaka usije, barabara ni mbaya.

Mjomba wako,
Mbugua


Nakuru
Jumapili, 16 Aprili 2023

Anko,

Barabara ya Kabazi ina lami mpaka karibu na mlango wako. Pasaka nimekaa hapa nikila chapati na mama, nimekasirika, nimekataa kukuandikia wiki mbili ili ujue nimekasirika. Halafu nikaangalia tena ile bahasha. Ina stempu. Miaka yote hujawahi kununua stempu na lori linapita mlangoni pa cooler kila asubuhi.

Ijumaa nikaenda kusimama kwa geti la kiwanda mpaka Weldon akaja. Nikamuuliza, mbona mjomba hakupi barua? Akaangalia magurudumu. Akasema, "Muulize mwenyewe." Nikasema nakuuliza wewe. Akasema mjomba hayuko cooler tangu katikati ya Machi, kuna kijana anaitwa Zeddy sasa, na kwamba maziwa ya Kabazi yamerudishwa kutoka getini mara tatu. Getini yanapimwa kwa spiriti, yakiganda yameharibika, yanarudi.

Nikarudi ofisini. Nikafungua grafu yenu yote tangu Januari, si ya siku moja kama nilivyozoea. Kila wiki ni sawa. Kila Jumatano saa nane inapanda 7.1, saa kumi imeshuka. Kila Jumatano, Anko. Kompresa haina kalenda.

Nikatoa daftari lako la bluu kwa droo. Wiki ya tarehe 13 mpaka 19 Septemba 2021. Jumatano tarehe 15, saa nane mchana, kwa mwandiko wako: 7.1.

Nilikaa chini sakafuni, ofisi nzima ikinitazama.

Ule mstari kwa faili la mipangilio haukuwemo. Siku ya kuweka mashine niliuacha, nilikuwa na haraka, tulikuwa na cooler nyingine Ndabibi siku hiyo hiyo. Programu haikupewa kipima joto, ikachukua akiba yangu. Miezi mitatu screen imekuwa ikiwasomea daftari lako. Kipima joto cha kweli kiko ndani ya tangi, kizima, hakuna anayekiuliza chochote.

Niliuongeza mstari hapo hapo. Screen ikaruka ikasoma 9.6. Kufikia jioni Karanja alikuwa ameita fundi. Gesi ya kompresa ilikuwa imevuja. Jana imeshuka mpaka 4. Wanafikiri iliharibika Ijumaa.

Sasa naandika kitu ambacho nimekiandika na kukikata mara tano. Naomba unipe mpaka tarehe 16 Mei. Nikisema leo, hakuna wasilisho. Mfano wetu ni nyinyi. Hivyo vyama arobaini havitasikia neno lingine, vitasikia tu ile screen ilikuwa inadanganya. Nipe mwezi mmoja, nipite hapo, halafu nitasema yote kwa Karanja, naapa.

Kwa nini hukuniambia? Umejua tangu lini? Na hiyo Jumatano ya 2021 ilikuwa nini? Kila mahali umeandika sababu, "stima imepotea," "maziwa ya jioni yameingia moto." Hapo hakuna kitu.

Kui


Kabazi
Jumatatu, 24 Aprili 2023

Maitu,

Barua yako imefika kwa posta, siku tano. Posta si mbaya.

Umeuliza tangu lini. Mkono ulijua wiki ya pili ya Februari. Tangi lilikuwa na joto la mtoto mwenye homa ndogo, na screen inasema 4.0. Nilifikiri mkono umezeeka. Halafu siku ya Alhamisi saa sita ikasoma 5.3, na nikakumbuka 5.3 ya Alhamisi saa sita, kwa sababu ndiyo siku Cheptanui wa kule ng'ambo alileta maziwa ya ng'ombe tisa kwa pamoja bila kutuambia. Niliiandika mwenyewe. Mtu anajua mwandiko wake hata ukiwa kwa taa za screen. Na wewe ulikuwa umeshaniambia kwenye barua yako ya kwanza kwamba daftari liko kwa programu.

Yaliyotokea ni haya. Maziwa yalirudishwa tarehe 2 Machi, tarehe 9, na tarehe 15. Kamati ikakaa. Karanja akabandika grafu ukutani. Akasema joto halipiti 6 isipokuwa Jumatano saa nane, kwa hivyo mashine inafanya kazi na kuna mtu anafungua tangi Jumatano saa nane. Akaniuliza Jumatano saa nane huwa nafungua tangi kumpelekea nani maziwa. Nikasema simpelekei mtu. Akasema, "Mzee, mashine haina mjomba." Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Nikatoa funguo nikaziweka mezani. Miaka kumi na tisa ni funguo tatu.

Nilisema kwamba tangi lina joto, mara mbili. Waliandika kwenye kumbukumbu kwamba nimesema.

Sikusema kwa nini screen inadanganya. Ningesema, wangeuliza nani aliyeitengeneza, na wote wanajua, kwa kuwa mimi ndiye niliyezunguka soko zima mwezi wa kwanza nikiwaambia ni Kui wangu. Na una jina la mama yangu. Sijui kama huko kwenu inafanyika, lakini mimi siwezi kusimama mbele ya kamati nikamshtaki mama yangu.

Mwezi mmoja si mrefu. Kuna magugu.

Hilo la Jumatano ni langu. Kamati pia waliniuliza, mara tatu.

Mbugua

Usilie ofisini, watu wanaangalia.


Nakuru
Jumapili, 21 Mei 2023

Anko,

Mama mzima, goti halina habari mpya. Tata Wangeci nilimsikia kwa simu ya mama akiimba, naona sauti ya pili imeingia.

Nitakuambia kila kitu kama kilivyokuwa, na pale nilipokosa nitasema.

Asubuhi ya tarehe 16 nilitoka nyumbani nikiwa nimeamua kunyamaza. Usifikiri nilikuwa mtu mzuri. Nilikuwa nimevaa ile suti ya kijivu, nimeipiga pasi, picha zangu zimepangwa kwa laptop, na ya kwanza ilikuwa grafu ya Kabazi, wiki moja tu, ile safi ya baada ya fundi. Karanja alikuwa amekaa mstari wa mbele na kofia yake kwa goti.

Nikasalimia. Nikaanza. Nikafika mahali pa kusema, "Hapa Kabazi tangu Januari mashine yetu imekuwa ikisoma..." Nikakwama. Ile barua yako ilikuwa kwa mfuko. "Waliandika kwenye kumbukumbu kwamba nimesema." Anko, hiyo sentensi imenikosesha raha mwezi mzima! Mtu amekaa na tangi miaka kumi na tisa, anawaambia lina joto, wanaandika kwamba amesema, na wanaangalia screen yangu.

Nikafunga picha. Nikafungua grafu ya miezi mitatu yote. Nikawaonyesha Jumatano moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tatu. Nikatoa daftari lako la bluu kwa begi nikaliinua. Nikawaambia namba hizi ni za 2021, zimeandikwa kwa mkono na Mbugua wa cooler ya Kabazi, na mimi ndiye niliziweka, na mimi ndiye niliyesahau mstari, na mimi ndiye niliyeweka akiba ili screen isikae tupu. Nikasema pia nilijua tangu Ijumaa baada ya Pasaka na nikanyamaza mwezi mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu zaidi kutoka.

Mzee mmoja wa upande wa Kariandusi akauliza, "Kwa hivyo screen tupu ingekuwa bora?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mngeanza na hiyo."

Vyama kumi na sita viliondoka kabla ya chai. Ishirini na vinne vilibaki, sijui ni kwa sababu yetu au ya chai. Boss hakunigombeza, alinipa tu barua. Kazi inaongozwa na Owino. Mimi niko chini yake. Akaniita, nikafikiri atafurahi, hakufurahi, alisema, "Kaa. Sasa tuamue."

Tumeamua kufungiwa. Kipima joto kinaingia siku ya kujenga. Aina za cooler ni nne, kwa hivyo tunajenga programu nne, na kila moja inajua kipima joto chake tu. Ukijaribu kuijenga bila kipima joto inakataa, hakuna kitu cha kuweka kwa cooler, unarudi nyumbani. Nilibishana kidogo, kwa heshima ya zamani. Kupewa si kubaya, na bado nitaitumia njia hiyo mahali pengine ambapo kitu kinabadilika kila siku. Kibaya ilikuwa ile akiba. Lakini pale ambapo mtu anaweza kupoteza kazi kwa sababu mwingine alisahau mstari mmoja, heri ikatae kuzaliwa. Daftari lako tumeliweka kwenye majaribio tu. Haiwezekani litoke huko hata mtu akitaka.

Nilikuomba mwezi na ukanipa kama mtu anayempa mgeni kiti. Nimekukosea, Anko. Si mashine, ni mimi. Naomba msamaha, na sikuombi kwa sababu ni desturi kuomba.

Nimemwandikia Karanja pia, kurasa mbili, na nakala kwa kila mtu wa kamati. Hajajibu.

Daftari hili hapa, nimelifunga kwa nailoni. Sikuuliza tena ile Jumatano.

Kui


Kabazi
Alhamisi, 8 Juni 2023

Maitu,

Hii utaipata kwa mkono wa Weldon. Ameipakata juu ya mapaja kwa sababu mvua inaingia kwa lori.

Sisi wazima. Viazi tumevuna, ni vingi kupita kiasi, shangazi yako anasema ndivyo inavyokuwa mwanaume akikaa nyumbani. Gunia moja ni la dada yangu. Mtu ampandishie mpaka ghorofa ya nne, asijaribu yeye.

Karanja alikuja mwenyewe, Jumamosi, na wawili wa kamati. Walikunywa chai. Waliongea kuhusu mvua. Waliongea kuhusu bei ya mbolea. Walipoinuka kwenda Karanja akaweka funguo tatu juu ya meza, karibu na sukari, akasema, "Hizi ziliachwa kwetu." Nikasema asante kwa kuzitunza. Zeddy anabaki kunisaidia, anajua kuosha.

Kamati imeniruhusu kuandika daftari tena, kando ya screen. Kumbukumbu zinasema "kwa muda." Nimenunua daftari la kurasa mia mbili.

Msamaha uliouomba umeupata. Uliupata siku ile uliposema mbele ya watu, lakini sikuwa na stempu.

Sasa Jumatano. Umefanya vizuri kutouliza, kwa hivyo nitasema.

Tarehe 15 Septemba 2021, saa nane kasoro, nilikuwa nimefungua kifuniko kupima kina. Simu ikalia, ikakatika. Ikalia tena. Nikaona ni wewe. Wakati huo mtandao ulikuwa unapatikana tu kule juu, kwenye ukuta wa Karanja. Nilikimbia. Ulikuwa unalia, sikuelewa neno kwa dakika nzima, nikafikiri ni dada yangu amekufa. Halafu ukasema, "Anko, wamenichukua." Kazi ile. Baada ya barua zote zile za kukataliwa. Nilikaa juu ya ukuta dakika ishirini. Ulinieleza meza yako itakuwa karibu na dirisha, na sikukuambia acha nikate simu, na sikukumbuka kifuniko.

Niliporudi kipima joto kilisoma 7.1. Nikakiandika. Kinachosomwa kinaandikwa. Sababu sikuiandika, kisanduku cha sababu ni kidogo, na haikuwa habari ya tangi.

Kamati waliponiuliza huwa niko wapi Jumatano saa nane, nilijua vizuri sana nilikuwa wapi. Nilikuwa ukutani, nakusikia. Ningewaambia, ingekuwa ni wewe tena. Nikanyamaza. Wiki nane nilikaa mbele ya ile screen, na kila Jumatano saa nane ilipanda 7.1, na wakati wengine waliona mwizi, mimi nilikuwa nasikia simu ikilia. Siwezi kusema ilikuwa vibaya.

Sasa mmeifungia. Ni sawa, mmefanya vizuri. Jana ilikuwa Jumatano. Saa nane nilivuta kiti nikaangalia. Ikasoma 4.0. Ikakaa 4.0. Nikaandika 4.0.

Ukipata nafasi, piga Jumatano. Loudspeaker nimezima. Nitafunga kifuniko kwanza.

Mjomba wako,
Mbugua